Pua ya Bwana Hamira

Hebu mwone anavyokuja. Ni saa moja asubuhi, jua bado linahangaika kuupanda ukuta wa bekari, na mtu mfupi, mnene wa kiasi, mwenye kofia ya kitambaa iliyofuliwa mpaka ikasahau rangi yake, anashuka mteremko kwa mwendo wa mtu anayemsindikiza mgeni. Hana haraka. Anamsalimia fundi viatu, anamuuliza muuza magazeti kama mwanawe amepona surua, anamkanya mbwa wa watu kama vile wamesoma darasa moja. Akifika langoni anasimama. Anainua kidevu, anafumba macho, anavuta hewa kwa pua, pumzi moja ndefu, kisha anasema kama anayejisemea mwenyewe:

"Leo mmefungua gunia jipya."

Au: "Nani amemwaga maziwa karibu na tanuri?"

Na mlinzi wa lango, ambaye huwa amekwisha kuona gunia likifunguliwa na maziwa yakimwagika, anapiga paja lake na kucheka upya, kana kwamba hajawahi kuyasikia hayo.

Huyo ndiye Bwana Hamira. Jina alilopewa na mama yake lipo kwenye kitambulisho, na pale kazini halina mtumiaji. Hamira, kwa sababu ndiyo inayoumua unga, na yeye alikuwa na tabia ya kuumua watu. Ukiingia zamu umenuna, saa mbili hazipiti hujacheka.

Kazi yake ilikuwa moja, nayo ilikuwa kubwa. Mashine hukanda, vijana hukata madonge na kuyapanga kwenye makopo, tanuri huoka. Lakini kati ya kukanda na kuoka kuna kungoja, unga uumuke, na hapo ndipo mkate unapokuwa mkate au unapokuwa tofali. Ukiuwahi, ni mzito. Ukiuchelewesha, unachacha. Mwenye bekari aliwahi kununua saa yenye kengele ili iwaambie watu wakati. Bwana Hamira aliitazama kwa huruma, akasema, "Bosi, hii saa haijui kama leo kuna baridi." Saa ikahamishiwa chumba cha kufungia mikate, ikawa ya kutangaza chai. Kanuni ikabaki ile ile ya siku zote: hakuna kopo linaloingia tanurini mpaka Bwana Hamira ameinama juu ya beseni kubwa, amefunua kitambaa, amenusa, na amesema "Tayari." Miaka kumi na saba alisema hivyo, na hakukosea.

Nyumbani pua hiyo ilikuwa burudani na balaa. Mke wake ni fundi cherehani, hushona sare za shule, na Bwana Hamira alikuwa akisema alimpenda kwa harufu kabla hajamwona sura: harufu ya kitambaa kipya na mafuta ya mashine. Mke alikuwa akijibu, "Basi ungeoa cherehani." Huwezi kumficha kitu mtu wa namna hiyo. Alijua jirani gani ameunguza wali na nani amefika na kiatu kilichokanyaga lami.

Jirani wa karibu kuliko wote alikuwa shemeji yake, mdogo wa kike wa mkewe, aliyepanga chumba cha pili yake kwenye safu ile ile, naye pia alifanya kazi bekarini, upande wa kufunga mikate. Ukuta kati ya vyumba vyao ulikuwa wa adabu tu, si wa kuzuia sauti. Na Bwana Hamira alikuwa mkoromaji. Asubuhi njiani ungewasikia:

"Shemeji, usiku ulikuwa unapasua mbao gani?"

"Mbao ngumu. Nakujengea nyumba yako, uhame."

"Basi misumari usiipigie ndani ya sikio langu."

Miaka kumi na mmoja shemeji alilala kwa mlio huo, akauzoea kama watu wanavyozoea mvua juu ya bati. Aliujua unavyopanda, unavyokwama kidogo juu, unavyoteremka kwa filimbi. Alisema siku Bwana Hamira akisafiri yeye hapati usingizi.

Sasa nikupeleke kwenye lile gunia.

Lori la unga lilikuwa limerudi nyuma mpaka mlangoni, na gunia la juu kabisa likaanza kuteleza. Mtu yeyote mwenye akili angekaa kando liende chini. Bwana Hamira alilidaka. Alipoulizwa baadaye kwa nini, alisema unga ukimwagika roho humuuma. Siku ile hakuumwa roho, aliumwa kiuno. Alianguka chini yeye na gunia lake, wote wawili, na hakuweza kuinuka mpaka aliposhikwa na watu watatu.

Hospitali walimpiga picha, hakukuwa na mfupa uliovunjika, ila misuli imechanika. Daktari akamwandikia vidonge vya maumivu, vile vikali, akamwambia ni vya siku chache, ameze kwa maji kama ilivyoandikwa, apumzike, asiinue kitu. Akameza. Vikamsaidia kweli, tusivisingizie. Mtu aliyekuwa akivaa viatu huku analia aliweza kukaa, kulala, hata kucheka. Vilipokwisha akarudi, akaongezewa kidogo. Na vilipokwisha tena, kiuno kilikuwa karibu kupona, ila yeye alikuwa bado anavitaka. Akaanza kuvitafuta kwa njia za pembeni, duka moja hadi jingine, kwa maelezo yanayobadilika kila mlango.

Hapo ndipo anapoingia Breki. Breki ni dereva wa gari la kusambaza mikate, mtu mzuri, mwenye goti bovu na mdomo usio na breki, ndipo jina lilipotoka. Alimkuta Bwana Hamira nyuma ya stoo akikitafuta kidonge mfukoni.

"Bado unameza?" Breki akauliza.

"Sasa nikipake?"

"Kumeza ni kama kutuma barua, mzee. Saga, uvute puani. Hiyo ni simu. Unapiga, inapokelewa."

Mtu mwingine pengine angeshtuka. Bwana Hamira alifikiri kama mwoka mikate, na hapo ndipo alipojikwaa. Maisha yake yote alikuwa amefundishwa kwamba kitu kikisagwa laini kinakuwa chepesi, kinakuwa kizuri, hakimsumbui mlaji. Kidonge ni kile kile, akajiambia, kimeandikwa na daktari, si vile vitu vya vichochoroni. Mlango tu ndio tofauti. Na ule mlango ndio aliouamini kuliko viungo vyake vyote. Pua yake haikuwahi kumwangusha.

Tena ajabu yenyewe ni hii. Mahali pengine popote, mtu mwenye chembe nyeupe puani angeulizwa maswali. Bekarini, asiye na chembe nyeupe puani ndiye anayeulizwa kama amekuja kazini. Wote walikuwa weupe: nyusi, masikio, kope. Akitoka stoo anafuta pua kwa mgongo wa mkono, nani atamtazama mara mbili? Ikawa wiki, ikawa mwezi, ikawa miezi minne.

Mwanzoni alikuwa mchangamfu kupita kiasi. Baadaye ikawa hivi: saa moja anacheka, saa inayofuata anasinzia akiwa amesimama, mkono umeshika pipa. Akawa anajikuna shingo na mikono bila upele. Choo kikawa kigumu, chakula hakitaki. Na pua, ile pua, ikakauka. Akipiga chafya, leso inatoka na doa jekundu. "Vumbi la unga," anasema. Miaka kumi na saba vumbi hilo halikumtoa damu hata tone.

Langoni aliendelea kusimama. Anainua kidevu, anafumba macho, anavuta. "Leo mmefungua gunia jipya." Mlinzi siku hiyo hakucheka, kwa sababu gunia jipya lilikuwa halijafunguliwa. Akadhani mzee kabadilisha mtindo wa utani. Kumbe Bwana Hamira alikuwa anabahatisha. Harufu zilikuwa zinamtoka moja moja, kama wageni wanaoondoka bila kuaga: kwanza maziwa, kisha sabuni, kisha vitambaa vya mkewe. Na yeye hakumwambia mtu. Angesemaje? Seremala akipoteza mikono huonekana. Yeye alikuwa anapoteza mkate wake ndani ya uso wake mwenyewe, na hakuna aliyeona.

Ikaja siku ya joto kali. Unga siku kama hizo hukimbia. Bwana Hamira akafunua kitambaa, akainama, akakaa hapo muda mrefu kuliko kawaida. Kijana wa makopo alisema baadaye kwamba hata yeye, aliyesimama hatua tatu nyuma, alisikia ule uchachu ukimpanda puani kama siki. Lakini nani atamsahihisha Bwana Hamira?

"Tayari," akasema.

Mikate mia nne ilitoka siku hiyo, na karibu yote ikarudi kesho yake. Mwenye bekari hakupiga kelele. Alikata kipande mbele ya watu, akamnyooshea.

"Bwana Hamira, onja."

Akaonja. Alitafuna polepole, akatazama sakafuni, akatafuna tena. Kwa jinsi alivyokuja kusimulia mwenyewe, ilikuwa kama kutafuna kitambaa kilicholowa, kwa sababu pua ikifa, ulimi nao huenda msibani.

"Mzuri tu, bosi," akasema.

Hakuna aliyecheka. Shemeji yake alikuwa mlangoni na mfuko wa mikate mikononi, akauona uso wake, akauweka mfuko chini.

Jioni ile akamkuta uani akifua. Hebu fikiri: mtu ambaye hata kijiko chake alikuwa hakioshi, amechuchumaa mbele ya beseni anafua leso tatu, tena bila kutumwa.

"Shemeji, leo jua limechomoza wapi?"

"Namsaidia dada yako."

"Dada yangu ana leso moja, tena ya maua." Akachukua moja majini, akaikunjua. Doa lilikuwa bado lipo, na ukingoni kulikuwa na ute wenye chembe nyeupe zilizogandana. "Hii nini?"

"Unga."

"Mimi ni mfunga mikate, usiniambie unga. Unga ukilowa unavutika. Huu unavunjika."

Akajaribu mzaha mmoja. Shemeji hakucheka. Akajaribu wa pili. Shemeji akakaa chini kwenye sementi, uso kwa uso naye.

"Sasa hivi sikuulizi kama shemeji. Nakuuliza kama dada yako. Unavuta nini?"

Akasema. Alisema chini chini, akiikamua leso ambayo ilikuwa imekwisha kukauka mikononi mwake. Shemeji aliposikia ni vidonge vya hospitali, yeye pia alipumua kidogo, akidhani basi si kitu kibaya sana. Kisha akaiona tena damu.

"Uache."

"Naacha Ijumaa."

"Leo Jumanne."

"Basi kesho. Ila usimwambie dada yako. Nikishindwa, mwambie."

Aliacha kweli, siku mbili. Siku ya pili alikuwa anatokwa jasho na huku anatetemeka, anapiga miayo kama mtoto, tumbo linaenda mbio, ngozi imesimama vinyweleo kama ya kuku aliyenyonyolewa. Mke alidhani ni homa, akamfunika. Siku ya tatu akaenda kazini mapema, na shemeji, kwa kumkuta huko anatembea vizuri, akamshukuru Mungu. Kumbe alikuwa ametembea vizuri kwa sababu alikuwa ameshapita stoo.

Saa saba mchana ni mapumziko. Watu wanacheza drafti kwa vifuniko vya soda, wengine wanalala juu ya magunia matupu. Bwana Hamira alilala, akaanza kukoroma, na vijana wakaanza vichekesho vyao.

"Mzee kawasha mashine!"

"Mwacheni, leo anapasua gogo zima."

Shemeji alikuwa chumba cha pili, anafunga. Mikono yake ikasimama. Ule mkoromo ulipanda, ukakwama juu, na haukuteremka.

"Nyamazeni!" akapiga ukelele.

Wakanyamaza, kwa mshangao zaidi kuliko kwa heshima. Kimya. Kimya kirefu, mpaka kijana mmoja akaanza kutabasamu akidhani ni mchezo. Kisha ukaja mkoromo mmoja, mzito, wenye maji ndani, kama wa mtu anayevutwa kutoka kisimani. Halafu kimya tena.

"Hajalala huyo!"

Aliruka juu ya drafti, vifuniko vikatawanyika. Midomo ya Bwana Hamira chini ya ule weupe wa unga ilikuwa ya rangi ya majivu, kucha zimekuwa buluu, na alipomfunua jicho, mboni ilikuwa ndogo kama ncha ya sindano. Akamtikisa. Akampiga makofi. Akamwita kwa lile jina la kitambulisho, ambalo hakuna mtu pale aliyewahi kulisikia. Hakuitika.

Gari la mikate lilikuwa mlangoni. Wakamlaza ubavu kati ya trei, shemeji akipiga magoti kichwani pake, akimfinya sikio, akimpigia kelele, "Pumua, shemeji! Pumua! Moja! Haya, nyingine!" Na kila alipopigiwa kelele alivuta moja, kivivu, kama mtoto anayeamshwa kwenda shule.

Breki aliendesha kama jina lake ni uongo. Wakiwa nusu ya njia, bila kugeuka, akasema:

"Dada. Tukifika, usiwaambie ameanguka. Waambie amevuta vidonge vya maumivu. Puani. Waambie vinaitwaje, mimi navijua." Akapiga honi ndefu. "Mimi ndiye niliyemfundisha."

Shemeji akaendelea kumhesabia mgonjwa pumzi. Hakuwa na pumzi ya kumgawia mtu mwingine. Lakini maneno yale ndiyo waliyoyasema mapokezini, kabla hata ya kutaja jina la mgonjwa, na daktari hakupoteza muda kubahatisha. Oksijeni ikawekwa. Ikaja sindano, ile inayoipokonya dawa ya aina hiyo nguvu yake. Dakika chache tu, Bwana Hamira akavuta pumzi kubwa, akafumbua macho, akatazama huku na huku kwa hasira.

"Nani amenipiga makofi?"

"Mimi," shemeji akasema, na hapo ndipo alipoanza kulia.

Hawakumruhusu kuondoka, japo alitaka. Walisema sindano ile huisha nguvu mapema, na dawa aliyovuta inaweza kuwa bado imo mwilini, ikamrudisha kule kule. Kwa hiyo akalazwa, na mkewe akaja na pini bado zimechomekwa kifuani mwa gauni, na utepe wa kupimia shingoni. Akakaa kwenye kiti kando ya kitanda.

Muuguzi wa wodi ile alikuwa mama mtu mzima mwenye viatu visivyo na sauti. Bwana Hamira akamwambia yale yale aliyojiambia miezi minne: "Lakini muuguzi, kidonge ni kile kile."

"Wewe kazi yako nini?"

"Naoka mikate."

"Mkate unakaa tanurini muda gani?"

"Dakika arobaini."

"Je, nikitaka uive kwa dakika moja, nikazidisha moto mara arobaini?"

Akamtazama kama aliyetukanwa. "Utakuwa mkaa, mama."

"Ni unga ule ule, lakini."

Bwana Hamira akavuta shuka mpaka kidevuni.

"Kidonge kimetengenezwa kiyeyuke tumboni polepole," muuguzi akaendelea, akimtengenezea shuka. "Kuna vingine vimefungwa makusudi viachie dawa saa hadi saa. Ukisaga, umevunja kufuli. Dawa ya saa nyingi inaingia kwenye damu kwa mpigo mmoja, inapanda kichwani, na kule ndiko anakokaa yule anayeukumbusha mwili kupumua. Inamlaza. Wewe hukuchoka leo mchana. Ulikuwa unasahau kupumua. Na hata usiposahau, ile kasi ndiyo inayokufunga. Mwili unaizoea simu, barua hauitaki tena."

Bwana Hamira akashtuka kidogo kusikia simu na barua. Nadhani Breki alikuwa ameshaungama kwa kila mtu pale koridoni.

Kesho yake daktari wa pua akammulika kwa taa ndogo, akakaa hapo muda. Akaeleza kwamba kidonge si dawa tupu, ndani yake kuna wanga, kuna chaki, kuna vitu vya kukigandisha. Tumbo linajua la kufanya navyo. Pua haijui. Vimekaa kule juu vikichoma, vikitia kidonda juu ya kidonda, mpaka ule ukuta wa katikati ya pua umetoboka.

"Na harufu?" Bwana Hamira akauliza. Hilo ndilo alilokuwa analiogopa, kuliko hata kifo, na msimcheke.

"Inaweza kurudi. Inaweza isirudi. Ukirudia tena kuvuta, sahau."

Mke akafungua mdomo kwa mara ya kwanza. "Miezi minne. Miezi minne umelala kando yangu, nami nanunua dawa ya mafua."

"Nilidhani..."

"Ulidhani nini?"

"Kwamba ni dawa tu."

Akachomoa pini moja kifuani, akaichomeka tena mahali pale pale. "Nyumba nzima unainusa mpaka kiatu cha mgeni," akasema, "na mimi sikunusa kitu." Akamshika mkono. Walikaa hivyo mpaka chakula kilipoletwa.

Kupona hakukuwa kwa siku moja. Walimwambia asiache kwa ubabe kama alivyojaribu, wakampa dawa nyingine ya kumshusha taratibu, ngazi kwa ngazi, aende kliniki kila wiki kuichukua na kuzungumza. Alizungumza sana, hilo halikuwa tabu. Kiuno wakakifundisha mazoezi, na jioni ungemwona amelala chali uani, ameinua goti moja, mke anamhesabia huku mdomo umejaa pini.

Mwenye bekari alimrudisha. Alisema mtu wa miaka kumi na saba hatupwi kwa mikate mia nne. Lakini atafanya kazi gani mnusaji asiyenusa? Suluhisho alilitoa shemeji mwenyewe, na kama hujawahi kuona mapenzi ya ndugu yakifanya kazi ya mshahara, ungepita pale asubuhi. Yeye anainama juu ya beseni, Bwana Hamira ameketi kwenye kigoda kando, amefumba macho.

"Haya, sema."

"Inanukia... kama soksi za mtoto."

"Soksi mpya au za jioni?"

"Za mtoto aliyetoka shule."

"Shule ya asubuhi au ya kutwa?"

"Ya asubuhi. Saa nne hivi, mapumziko."

"Bado nusu saa. Funika."

Mara ya kwanza mikate ilitoka mizito kidogo. Mara ya kumi ilitoka kama zamani, na watu wa makopo sasa wanapigiana kelele za "kutwa!" na "mapumziko!" kana kwamba ni lugha ya ufundi iliyokuwepo tangu dunia iumbwe. Breki naye alipeleka goti lake kwa daktari, akapata karipio na bandeji.

Siku moja, mwezi wa sita tangu arudi kazini, trei nzima ya mikate iliungua. Moshi ulitanda, mwenye bekari ameshika kichwa, kijana wa tanuri karibu kulia, na katikati ya msiba huo Bwana Hamira akasimama juu ya kigoda chake akipiga kelele za furaha, "Nimeisikia! Jamani, nimeisikia! Imeungua!" Walidhani kichwa kimemruka. Shemeji ndiye aliyeelewa, akamkumbatia mbele ya watu, wote wawili wakakohoa.

Zaidi ya kuungua, bado hajapata mengi. Siki kidogo, mafuta ya taa kidogo. Na lile tundu limemletea jambo jipya: akivuta pumzi kwa nguvu, pua hupiga mluzi. Shemeji anasema sasa ana birika nyumba ya pili. Linachekesha, lakini pia linakauka, linatoka damu, haliponi. Daktari wa pua amesema liwezekanalo ni kulifunga kwa upasuaji, na huenda hata harufu ikapata nafasi ya kurudi zaidi. Tarehe imepangwa, Jumatatu ijayo.

Tatizo ni la baada ya Jumatatu. Kutakuwa na maumivu. Daktari anayajua yote yaliyopita, amesema watajitahidi kwa dawa nyepesi, ila akaeleza bila kuficha kwamba siku mbili tatu za kwanza huenda akahitaji vile vikali, vichache, vya kumeza, na kwamba pakiti lazima ishikwe na mtu. Akawaambia wakakubaliane nyumbani.

Jumapili mchana walikaa mezani watatu, chai imepoa.

"Nipeni mimi," shemeji akasema. "Nitalala juu yake. Akitaka aniue kwanza."

"Wewe ulimfichia siri siku tatu nzima," mke akasema, si kwa ukali.

Shemeji akainama. "Basi ushike wewe, dada."

"Mimi sitaki kuwa mlinzi wa jela wa mume wangu. Nikiificha pakiti, kila akiinuka kwenda maji nitamtazama kama mwizi. Huko kupona gani? Au ni mtu mzima, ashike mwenyewe, tujue moja. Au ni mgonjwa, na mimi ni mke, si kufuli."

Wakamgeukia yeye. Alikuwa anachezea kijiko, pua inapiga mluzi polepole.

"Asubuhi najiamini," akasema. "Asubuhi ningewaambia nipeni, na ningekuwa nasema kweli. Mchana ndio simjui yule mtu anayekuwa ndani yangu."

Akakiweka kijiko mezani. Kulikuwa na kiti cha nne mezani, hakuna aliyekikalia. Ungekuwa umekikalia wewe, na pakiti ingekuwa tayari katikati ya vikombe, ungeiweka mkononi mwa nani?